Huyu Naye Atakula Saa Ngapi?

Wacha nianze na mama yangu, maana bila yeye ningeandika makala tofauti kabisa, na nadhani yangekuwa mabaya zaidi.

Ilikuwa Jumapili, tumeshakula, nimejilaza kwenye kochi lake lenye vitambaa vyeupe vya kufumwa, natazama picha kwenye simu. Nilikuwa nimeahidi kuandika uhakiki kuhusu Hanna Pauli, mchoraji wa Uswidi, na mpango nilikuwa nao tayari kichwani: mwanamke aliyechora vizuri katika karne ya wanaume, tumpe heshima yake, asante, kwaherini. Mama akanyoosha mkono akaichukua ile simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka msichana mwenye sinia akajaa kioo kizima. Akatazama kwa muda. Halafu akauliza, "Na huyu naye atakula saa ngapi?"

Mama amefanya kazi kwenye nyumba za watu kwa miaka 19. Hajasoma sanaa popote. Lakini swali lake limenikalia kooni wiki tatu sasa, na mpango wangu wote wa mwanzo umeenda na maji. Kwa hivyo hapa nitajaribu kufanya mambo mawili kwa pamoja: kukuambia kwa nini naipenda sana picha hii, na kwa nini swali la mama halifutiki hata nikiipenda namna gani.

Picha yenyewe inaitwa Frukostdags. Ukitaka kwa Kiswahili, ni kama kusema "Saa ya chai ya asubuhi". Hanna aliichora mwaka wa 1887 kwa rangi za mafuta, na leo iko Nationalmuseum mjini Stockholm. Si kubwa. Ni karibu mraba, na kila upande haufiki mita moja. Ni asubuhi ya kiangazi, bustanini. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Juu yake kuna vyombo vya kaure, vyombo vya madini vinavyong'aa, glasi. Viti vipo, lakini hakuna aliyekaa. Kwa nyuma kidogo anakuja msichana wa kazi, aproni nyeupe, sinia mkononi. Basi. Hakuna kisa kingine. Familia bado haijatoka nyumbani, chai haijamiminwa, hakuna aliyesema neno.

Kitu kinachotokea kwenye hii picha ni jua. Linapita kwenye majani ya miti na kuanguka vipande vipande: hapa kwenye kitambaa, pale kwenye kiti, kule chini kwenye changarawe. Vivuli si vyeusi, ni samawati, vingine vina zambarau. Kitambaa cheupe, ukikitazama vizuri, karibu hakina weupe. Kina kila rangi isipokuwa ile unayoapa kwamba unaiona. Hapo ndipo ujuzi wa Hanna ulipo. Anakuachia wewe mtazamaji kazi ya kutengeneza weupe, na unaifanya bila kujua umefanya kazi.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila picha hii inapotajwa. Ati mhakiki mmoja wa wakati ule alipoona yale madoa ya mwanga, alisema inaelekea mchoraji amepangusia brashi zake kwenye kitambaa cha meza. Nilimsomea mama kisa hiki nikitarajia acheke. Hakucheka. Aliirudia simu, akatazama kitambaa, akasema, "Huyo hajawahi kufua. Doa linaingia ndani ya kitambaa. Hili limekaa juu. Hilo ni jua la saa tatu."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu picha hii. Sijakutana na sentensi inayoieleza vizuri kuliko hiyo. Doa linaingia ndani, jua linakaa juu. Hanna alijua tofauti hiyo kwa jicho la mchoraji, mama anaijua kwa vidole vya mfuaji, na bwana mhakiki hakuijua kwa njia yoyote. Sisemi kwamba ni lazima uwe umefua ndipo uelewe sanaa. Nasema tu kwamba kuna mambo kwenye picha hii ambayo yanaonekana haraka zaidi na mtu aliyetandika meza kuliko aliyeketi akisubiri kuhudumiwa.

Sasa, huyu Hanna ni nani?

Alizaliwa Stockholm tarehe 13 Januari 1864, kwa jina la Hanna Hirsch. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wa mjini, na baba yake, Abraham Hirsch, alikuwa mchapishaji wa muziki. Hebu kumbuka wakati huo: Wayahudi wa Uswidi walipata haki kamili za kisiasa mwaka wa 1870, Hanna akiwa mtoto wa miaka sita. Kwa hivyo alikulia kwenye nyumba yenye pesa na vitabu na piano, lakini pia nyumba ya watu waliofunguliwa mlango juzi tu.

Mlango mwingine ulifunguka mwaka ule ule aliozaliwa. Mwaka wa 1864 Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Uswidi kilianzisha idara ya wanawake. Ilikuwa idara ya kando, haikuwa kuwachanganya na wanaume, lakini ilikuwepo. Hanna alianza kujifunza kuchora akiwa bado msichana mdogo, kwenye shule ya August Malmström, kisha akaingia chuoni humo mapema katika miaka ya 1880. Mwaka wa 1885 akaenda Paris, kama walivyofanya wenzake wote waliokuwa na uwezo.

Paris tunaambiwa ilikuwa mji wa uhuru. Ndiyo, na hapana. Shule kuu ya sanaa ya serikali, École des Beaux-Arts, haikuwapokea wanawake mpaka 1897. Wanawake walienda kwenye shule za binafsi zilizowakubali, na Hanna alisoma Académie Colarossi. Humo waliweza kuchora miili ya watu halisi, kitu ambacho bila hicho huwezi kuitwa mchoraji kamili kwa vigezo vya wakati ule. Kumbe basi lile swali tunalopenda kuuliza, mbona hakuna wanawake wengi kwenye historia ya sanaa, lina jibu la kuchosha tu: milango, ada, na nani alilipiwa nauli.

Nasema haya kwa sababu nina shida na jinsi tunavyosimulia maisha ya wasanii wanawake siku hizi. Kuna kiolezo kimoja: alikuwa na kipaji, alikandamizwa, akasahauliwa, sisi tumemfufua. Hadithi hiyo inatufanya sisi tulio hai kuwa mashujaa. Haimfai Hanna. Picha zake ziko kwenye makumbusho makubwa ya nchi yake. Alikuwa na baba mwenye uwezo, walimu wazuri, marafiki wa maana. Tukimsimulia kama maskini wa Mungu tutakuwa tunadanganya, na tena tutakuwa tunamfunika mtu mwingine aliyeko ndani ya picha yake mwenyewe, yule mwenye sinia.

Turudi kwake basi.

Uswidi ya 1887 ilikuwa na sheria maalum ya watumishi. Ilikuwa ya mwaka wa 1833 na ilidumu hadi 1926. Kwa sheria hiyo mtumishi hakuwa tu mtu aliyeajiriwa. Alikuwa chini ya mamlaka ya bwana wa nyumba. Haki ya bwana ya kumchapa mtumishi mtu mzima iliondolewa mwaka wa 1858, yaani si zamani sana kabla ya asubuhi hii nzuri ya kiangazi. Sijui kama msichana yule alitendewa vibaya au vyema, na picha haisemi. Lakini najua alikuwa akitembea ndani ya sheria gani alipokuwa akivuka ile changarawe.

Na Hanna amemchoraje? Kwa haki, nitasema nilichokiona mimi. Amemchora akiwa kazini, wima, bila kumrembesha wala kumdhihaki. Hajamfanya kichekesho wala mtu wa kuonewa huruma. Jua lile lile linaloangukia vyombo linamwangukia na yeye. Lakini ukweli mwingine ni kwamba vile vyombo vilivyo mbele vimechorwa kwa makini kuliko yeye. Kila kimoja kina mng'ao wake, uzito wake, kivuli chake. Yeye yuko nyuma, sehemu ya asubuhi, kama miti.

Hapa nilikasirika, sitaficha. Kuna nyumba moja mama alifanya kazi ambapo kikombe chake kilikuwa peke yake, kimewekwa chini ya sinki, kisichanganywe na vikombe vya kabatini. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani. Alikuwa akinywa chai amesimama, wenyewe wakishamaliza, chai imeshapoa. Nilikiona kikombe hicho siku moja ya likizo aliponipeleka kazini kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia. Nilikuwa na miaka minane. Sijawahi kukisahau, na naamini kwa sababu hiyo, kila ninapoona picha ya vyombo vizuri, jicho langu linatafuta kikombe ambacho hakipo mezani.

Nilipofika hapo, uhakiki wangu ulikuwa karibu kugeuka kesi. Mshtakiwa: Hanna Pauli. Kosa: kupenda sahani kuliko watu. Ingekuwa rahisi kuandika. Tena ingesomwa sana. Lakini picha nyingine ya mwaka ule ule ilinizuia.

Iko kwenye makumbusho ya sanaa ya Göteborg. Ni picha ya rafiki yake, msanii kutoka Finland, ambaye walikuwa pamoja Paris. Amekaa sakafuni. Si kwenye kiti cha mkono, si kwenye kochi lenye mito. Sakafuni, kwenye studio, miguu imenyooshwa mbele, gauni jeusi, mkononi donge la udongo wa kufinyangia. Mdomo uko wazi kidogo kana kwamba umemkatiza akisema jambo, na anakutazama akingoja umalize lako ili aendelee na lake.

Kwa macho ya leo unaweza kusema, sawa, ni dada amekaa chini, kuna nini? Kuna mengi. Mwanamke wa heshima katika picha za wakati ule huwa anakaa. Anakaa vizuri, mikono imepumzika, nguo imepangwa, na anakubali kutazamwa. Huyu hajapangwa. Mikono yake ina kazi. Amechorwa jinsi msanii anavyomwona msanii mwenzake pale mapumziko yanapochanganyika na kazi. Hanna aliipeleka picha hiyo kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Salon, mwaka wa 1887, yaani aliisimamisha mbele ya watu wote, akiwa na miaka 23.

Ukiziweka picha hizi mbili kando kwa kando, utaona kitu. Zote ni za 1887. Zote zinamwonyesha mwanamke mwenye kitu mkononi. Mmoja ana udongo, mwingine ana sinia. Mmoja anakutazama usoni, mwingine anapita. Mmoja kazi yake itabeba jina lake, mwingine kazi yake itakwisha watu wakishakula na kesho itaanza upya. Mchoraji aliyeweza kumwona mwanamke kazini kwa ukamilifu kama ule wa Göteborg alikuwa na uwezo wote wa kumwona na huyu wa bustanini. Hakushindwa. Alichagua nani awe mbele na nani awe nyuma.

Lakini subiri, suala la jina lenyewe si rahisi vile. Picha ya Göteborg inajulikana kwa jina la Venny Soldan-Brofeldt. Mwaka wa 1887 hapakuwa na mtu wa jina hilo. Palikuwa na Venny Soldan. Brofeldt ni jina la mume wake, mwandishi anayejulikana zaidi kama Juhani Aho, na walioana mwaka wa 1891, miaka minne baada ya rangi kukauka. Na hata mchoraji: alipokuwa Paris na udongo na rafiki yake, alikuwa Hanna Hirsch. Aliolewa na mchoraji Georg Pauli mwaka ule ule wa 1887, na vitabu vingi vinamwita Pauli hata vikizungumzia kazi alizofanya kabla ya ndoa. Nami nimefanya hivyo tangu mwanzo wa makala haya, umeona.

Kwa hivyo tuna wanawake watatu. Mmoja hatajwi na kichwa cha picha. Wawili wametajwa, lakini kwa majina yaliyokuja kuwafunika baadaye. Sisemi mambo haya yana uzito sawa. Kukosa jina na kubadilishiwa jina si kitu kimoja, hata kidogo. Lakini yalitoka kwenye nyumba moja ya sheria. Mwanamke wa Uswidi ambaye hajaolewa aliweza kuwa mtu mzima kisheria, na tangu 1884 umri huo ulikuwa miaka 21. Akiolewa, alirudi chini ya usimamizi, mara hii wa mume. Hali hiyo haikuisha mpaka sheria mpya ya ndoa ilipoanza kutumika 1921, mwaka ambao pia wanawake wa Uswidi walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza. Hanna alikuwa na miaka 57.

Hebu pima hiyo. Alikuwa mtu mzima kisheria kwa muda mfupi, akachora picha zake mbili bora zaidi ndani ya muda huo, halafu akaolewa na sheria ikamhesabu tena kama mtoto kwa zaidi ya miaka 30.

Ndoa iliwafanyia nini wachoraji wanawake wa kizazi chake? Karin Bergöö alisoma chuo hicho hicho, akaolewa na Carl Larsson mwaka wa 1883, na akaweka brashi kando. Vipaji vyake viliingia kwenye kufuma, kushona na kubuni nyumba yao ya Sundborn, nyumba ambayo mume wake aliichora mpaka ikawa maarufu dunia nzima. Eva Bonnier, rafiki wa Hanna, hakuolewa kabisa, na hata hivyo aliacha kuchora mwanzoni mwa karne mpya. Kwa hivyo usinukuu methali yoyote ya ndoa hapa, mambo hayakuwa marahisi upande wowote.

Hanna hakuacha. Alizaa watoto watatu, akahama na mume kwenda Göteborg kwa kazi yake ya ualimu, akarudi, na mwaka wa 1905 wakajenga nyumba Storängen nje ya Stockholm. Aliendelea kuchora, hasa picha za watu. Mume wake naye alikuwa mtu wa mitindo mipya, miaka ya baadaye akaingia kwenye ukubisti. Hanna akabaki na watu na taa.

Na taa inaniletea picha ya tatu. Inaitwa Vänner, yaani "Marafiki", na ilimchukua miaka, kuanzia 1900 hadi 1907. Nayo iko Nationalmuseum. Ni usiku, ni ndani ya nyumba, watu wamekusanyika mezani kwenye mwanga wa taa, na Ellen Key anawasomea. Huyu Ellen Key ndiye mwandishi aliyetoa mwaka wa 1900 kitabu kilichotangaza kwamba karne mpya itakuwa karne ya mtoto, na alikuwa miongoni mwa wanawake wenye sauti kubwa zaidi katika Uswidi ya wakati wake. Wanaomsikiliza ni wachoraji, wachapishaji, wake na waume, marafiki wa nyumba.

Nilipoiona nilifikiria hivi: kumbe hawa ndio waliokuwa hawajatoka asubuhi ile. Miaka 20 baadaye viti vimepata wenyewe. Wamekuja, wameketi, wanazungumza mambo makubwa, uhuru wa wanawake ukiwemo. Ni picha nzuri, yenye joto, na kila uso umepewa haki yake. Lakini nitakuwa mkweli: naipenda kidogo kuliko ile ya bustani. Kwenye Vänner kila mtu anajua anachorwa. Kila mtu anajua yeye ni nani. Kwenye Frukostdags hakuna anayejua chochote. Dunia iko kazini, jua liko kazini, na mtu mmoja anaona.

Ni hapo ndipo nilirudi kwa mama na hoja yangu ya mwisho. Nilimwambia, nimeamua, nitaandika kwamba huyu mchoraji alimwona msichana lakini hakumtazama. Niliona ni sentensi kali. Mama alikuwa akichambua mchicha.

"Yeye alikuwa amekaa wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mwenye kuchora. Alikuwa wapi?"

Nikafungua picha tena. Sikuwa nimejiuliza. Ukifuata jinsi meza inavyokuja kwako, mchoraji yuko huku mwisho wa meza, karibu kabisa na vyombo. Hayuko kwenye kiti. Hawezi kuwa kwenye kiti, viti vyote tunaviona kwa mbele au kwa kando na viko tupu. Yuko mbele ya turubai lake, nje, mapema, kabla wengine hawajatoka. Na huwezi kuchora picha kama hii kwa asubuhi moja. Jua la saa tatu hukaa dakika chache halafu linahama. Inabidi urudi kesho, na kesho kutwa, saa ile ile, na meza iwe imetandikwa vile vile.

"Basi walikuwa wanaonana kila siku," mama akasema. "Wawili tu, wengine wamelala."

Sikuwa na jibu. Na sitaki kulifanya jambo hili liwe tamu kuliko lilivyo. Kuwa macho saa moja na mtu hakukufanyi kuwa sawa naye. Mmoja alikuwa amechagua kuamka, mwingine aliamshwa na mkataba. Mmoja angeweza kusema leo nimechoka, kesho tutaendelea. Pengine hawakuzungumza kabisa. Lakini ni kweli pia kwamba katika nyumba nzima hao wawili ndio waliojua jinsi ile meza ilivyokuwa kabla ya mtu yeyote kuigusa. Mmoja ndiye aliyeitandika, na mwingine ndiye aliyeona kwamba kuitandika ni kitu cha kuhifadhiwa.

Fikiria, angeweza kuchora kiamsha kinywa chenyewe. Baba na gazeti, watoto na mkate, mama akimimina chai. Picha za namna hiyo zilipendwa na zilinunuliwa. Yeye akachora dakika kabla ya hapo, dakika ambayo ni mali ya mfanyakazi. Hata jina la picha halisemi mlo, linasema wakati. Na saa ya chai, kwa yule anayeileta, huanza mapema sana kuliko kwa yule anayeinywa.

Kwa hivyo nafuta ile sentensi yangu kali. Nitaandika hii badala yake: Hanna Hirsch, akiwa bado Hirsch, alichora kazi ya mwanamke mwingine kwa heshima kuliko alivyomchora mwanamke mwenyewe. Kile kitambaa kilichonyooshwa, vile vyombo vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa, glasi zisizo na alama ya kidole, hayo yote ni kazi ya mikono ya yule aliye nyuma, na yamepewa nafasi ya mbele, mwanga wa mbele, uangalifu wote. Mtu amebaki nyuma, kazi yake imekuja mbele. Unaweza kusema ni nusu ya haki. Mimi nasema ni nusu, na nasema pia kwamba nusu hiyo imechorwa vizuri kiasi kwamba miaka mingi baadaye mfanyakazi wa nyumba aliyestaafu, Nairobi, aliitambua mara moja kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

Hanna alifariki mwishoni mwa Desemba 1940, akiwa na miaka 76. Ukienda Stockholm siku moja, nenda Nationalmuseum uitafute. Usisimame mbali kama watalii. Sogea hadi ile meza ikufikie, kisha inua macho umtafute mwenye sinia kabla hujarudi kwenye vyombo. Kisha ujiulize swali la mama.

Nilimuuliza yeye mwenyewe, mwishowe, anadhani jibu ni lipi. Alikuwa ameshamaliza mchicha, anakata kitunguu.

"Atakula wakishakula," akasema. "Lakini huyu, mwangalie anavyotembea. Huyu alishaonja jikoni."

Kisha akaniambia niamke nitandike meza.